VIPIMO VIWILI KATIKA BIASHARA MOJA

Katika visiwa vyetu mtu aweza kupima mara tano kwa siku moja na kutumia vipimo vya namna tano. Asubuhi hununua sukari kwa kilo. Akipita dukani kwa muuza vitambaa hukatiwa yadi. Akimwendea seremala huambiwa kuwa mbao ni mbili kwa nne, na maana yake ni inchi. Alasiri humlipa mchumaji wake wa karafuu kwa pishi. Na usiku huzungumza na jamaa zake juu ya eka tatu walizoachiwa na marehemu babu yao. Hakuna katika hayo lililo la aibu. Watu waliokaa pwani, wakafanya biashara na Bara Hindi, Arabuni na Ulaya kwa karne nyingi, ni lazima wawe na maneno mengi ya kupimia.

Tunalotaka kulizungumza leo ni jambo jingine. Ni pale vipimo viwili vinapokutana katika biashara moja au katika ujenzi wa jengo moja, mmoja wa wahusika akawa anakijua kipimo kimoja tu, na mwenzake akavijua vyote viwili. Hapo ndipo haki ya mnyonge hupotea pasipo mtu kuiba, na hapo ndipo nguzo ya nyumba hupungukiwa na chuma pasipo mtu kukusudia.

Kwanza tuwakumbushe vijana wetu wasomi kwamba wazee hawakuishi bila ya vipimo. Walikuwa na wanda, shibiri, mkono na pima, na kila kimoja kilijulikana uhusiano wake na mwenziwe: mikono minne ni pima moja. Katika nafaka, vibaba viwili vilikuwa kisaga, vibaba vinne pishi, na pishi sitini mzo mmoja. Frasila ya Unguja ilihesabiwa ratili 35, yaani karibu kilo 15.9, na ndiyo iliyopimia karafuu na pembe za ndovu. Sote tuliopita chuoni tunajua kwamba Qurani ina sura nzima iliyopewa jina la wapunjaji wa vipimo. Na mpaka leo, Ramadhani inapokaribia kwisha, masheikh hututajia zaka ya fitri kwa pishi kisha wakatufafanulia kwa kilo. Utaratibu ulikuwepo, na adhabu ya anayeuvunja ilikuwepo.

Udhaifu wa vipimo hivyo ulikuwa kwamba havikusafiri vizuri. Mkono wa mtu mrefu si mkono wa mtu mfupi, na frasila ya Unguja haikuwa sawa na frasila ya Mocha. Waingereza waliotutawala nao hawakuwa na cha kujivunia. Mpaka mwaka 1824, ilipopitishwa sheria yao ya kuunganisha vipimo vya himaya, galoni ya mvinyo ilikuwa ndogo kuliko galoni ya pombe ya shayiri. Galoni ya mvinyo ikabaki Marekani, nayo mpaka leo ni lita 3.785, ilhali galoni ya Uingereza ni lita 4.546. Mtu akikwambia kwamba tangi lake lina galoni mia, muulize kwanza ni galoni za nani.

Mita nayo haikuzaliwa kwetu, na hatuoni sababu ya kuficha hilo. Lakini ilizaliwa katika mapinduzi, na watu wa visiwa hivi wanaweza kuielewa asili yake. Mwaka 1789 wakulima wa Ufaransa walipoandika malalamiko yao, mojawapo lilikuwa kwamba bwana mwenye ardhi hupokea nafaka kwa kipimo chake mwenyewe. Mwaka 1791 ikaamuliwa kwamba mita iwe sehemu moja katika milioni kumi ya masafa kutoka Ncha ya Kaskazini mpaka Ikweta, ili isiwe mali ya mfalme yeyote. Wataalamu wawili, Delambre na Méchain, walitoka mwaka 1792 kuipima ardhi baina ya Dunkirk na Barcelona, nchi ikiwa katika vita, na mwaka 1799 mita ya madini ya platini ikawekwa mjini Paris. Baadaye iligundulikana kuwa ilipunguka kwa kiasi cha sehemu ya tano ya milimita. Hawakuibadilisha. Faida yake haikutokana na usahihi wa hesabu ile, ilitokana na kukubaliana kwamba hii ndiyo, na kwamba tajiri na maskini watapimiwa kwa hiyo hiyo. Mwaka 1875 mataifa 17 yakatia saini mkataba wa mita, na Marekani ilikuwa mojawapo.

Sasa turudi mashambani, maana huko ndiko jambo hili linakouma zaidi.

Mchumaji wa karafuu hupanda mkarafuu, akachuma, akachambua makonyo, kisha akapimiwa karafuu mbichi kwa pishi na kulipwa kwa idadi ya pishi. Mwenye shamba huzianika juani kwa siku kadhaa, akazipeleka kituoni, na Shirika la ZSTC likazinunua kavu kwa kilo. Baina ya pishi mbichi na kilo kavu pana hatua tatu ambazo mchumaji hazioni. Ya kwanza ni kwamba pishi hupima ujazo na mizani hupima uzito. Ya pili ni kwamba karafuu hupoteza maji mengi. Kilo tatu mbichi hutoa kilo moja kavu, au karibu na hapo. Ya tatu, na ndiyo kubwa, ni pishi yenyewe: ni chombo gani, kimetoka wapi, na kinajazwa namna gani? Pishi ya mfuto ni kitu kimoja, na pishi iliyotiwa kilele mpaka karafuu zikamwagika pembeni ni kitu kingine. Tuchukue mfano. Mtu amechuma pishi kumi kwa siku, na kila pishi ikazidi kwa nusu kibaba tu. Jumla yake ni vibaba vitano, yaani pishi moja na robo, ambayo ameichuma juu ya mti bila ya malipo. Zidisha kwa siku za msimu, kisha kwa idadi ya wachumaji wa Pemba nzima.

Hatuwatuhumu wenye mashamba wote. Tunawajua wengi wanaofuta pishi kwa kijiti mbele ya mchumaji, na tunawajua wachumaji wanaojua kuzilegeza karafuu ndani ya chombo ili kijae upesi. Lakini mwenye shamba anayo fursa ya kuupima ukweli: siku ya kuuza husomewa kilo zake, akajua pishi zake zilikuwa ngapi na zimetoa nini. Mchumaji hana siku hiyo. Yeye hubaki na pishi yake, na karafuu zikishaanikwa hana tena habari nazo. Huo ndio ubaya wa vipimo viwili katika biashara moja, na hautokani na ubaya wa pishi. Pishi ingebaki pishi lakini ikawa moja, ya bati, yenye muhuri, inayojulikana ni lita ngapi, mchumaji asingekuwa na la kulalamikia.

Upande wa Bara wenzetu wamepambana na ndugu wa tatizo hili, nalo ni lumbesa: gunia lililoshonewa kichwa juu, likauzwa kwa bei ya gunia moja. Sheria huko imeweka kwamba gunia la mazao lisizidi kilo 100, na bado wakaguzi hulikuta barabarani mwaka hadi mwaka. Tunalitaja ili maofisa wetu wasidhani kwamba kazi huisha siku tangazo linapobandikwa ukutani.

Katika ardhi hali ni hiyo hiyo, ila hasara yake haionekani mpaka ukuta ujengwe. Baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964 wananchi waligaiwa ardhi kwa eka tatu tatu, na neno eka likaingia katika barua, katika mirathi na katika vinywa vya watu. Eka moja ni mita za mraba 4,047 takriban, kwa hiyo eka tatu ni mita za mraba 12,140, au hekta moja na sehemu mbili katika kumi. Mpimaji wa Serikali leo huchora kwa mita. Mrithi anayesoma eka katika barua ya babu yake na mita katika ramani mpya anastahili kuelezwa kwa maandishi kwamba ni ardhi ile ile, la sivyo atadhani amepunjwa au amezidishiwa, na kesi zitaanzia hapo.

Lakini kipo kipimo kibaya zaidi kuliko eka, nacho hakimo katika sheria ya nchi yoyote: hatua. Kiwanja huuzwa "ishirini kwa ishirini", muuzaji akatembea, mashahidi wakahesabu, na katika karatasi ikaandikwa 20 kwa 20 bila ya kutajwa ni ishirini za nini. Mnunuzi anadhani amenunua mita za mraba 400. Hatua ya mtu wa kawaida ikiwa sentimita 80, basi kila upande una mita 16, na kiwanja kizima ni mita za mraba 256. Zaidi ya theluthi ya alichokilipia haipo. Sheha ametia saini yake, mashahidi wametia dole gumba, na kila mmoja wao anaweza kuapa kwamba alihesabu sawasawa. Futi-kamba ya mita 30 inauzwa madukani kwa bei isiyofikia sehemu ndogo kabisa ya thamani ya kiwanja.

Na sasa ujenzi. Mhandisi wetu amesoma kwa milimita na huchora kwa milimita. Fundi amejifunza kwa inchi na hununua kwa inchi. Katika mambo mengi wanapatana, kwa kuwa tofauti ni ndogo: tofali la inchi sita ni milimita 152, na mchoro unasema 150, hakuna atakayelala nje kwa ajili ya hilo. Marumaru za sentimita 30 huitwa za futi moja, na mwenye chumba cha futi 12 kwa 12 hununua 144 kwa hesabu ya kichwa; mwisho wa kazi hupungukiwa na marumaru tano hivi, akarudi dukani akakuta rangi ile imekwisha. Hiyo ni kero ndogo.

Nondo si kero ndogo. Mafundi wengi huiita nondo ya milimita 12 kwa jina la "nondo ya nusu", yaani nusu inchi. Nusu inchi kamili ni milimita 12.7. Saba ya milimita huonekana si kitu, mpaka ukumbuke kwamba nguvu ya nondo hufuata eneo la mkato wake, na eneo hupanda na kushuka kwa mraba wa kipenyo. Nondo ya milimita 12 ina milimita za mraba 113 za chuma. Ya nusu inchi kamili ina 127. Pengo ni kama asilimia 11. Mchoro wa zamani uliohesabiwa kwa inchi ukijengwa leo kwa nondo ya 12, kila nguzo imenyimwa zaidi ya sehemu moja katika kumi ya chuma chake, na ghorofa juu yake haijui. Tena jina la "nusu" linamfaa sana mfanyabiashara asiye mwaminifu. Akileta nondo ya milimita 11, nayo itaitwa nusu, kwa kuwa jicho halitofautishi. Na kwa milimita moja hiyo chuma kimepungua asilimia 16 chini ya ile ya 12. Anayedai "milimita 12" na kuja na kipimo cha kubana cha mafundi chuma ana la kubishania. Anayedai "nusu" hana.

Zege nayo ina hadithi yake. Debe la zamani lilikuwa bati la mafuta ya taa la galoni nne, yaani lita 18 na kidogo. Ndoo ya plastiki iliyorithi jina hilo ni ya lita 20. Anayefuata maneno ya fundi mzee, madebe kadhaa ya mchanga kwa mfuko mmoja wa saruji, huku akitumia ndoo ya leo, anaongeza mchanga kwa karibu asilimia kumi na saruji ni ile ile.

Mabomba ya maji yanashangaza zaidi, kwani hata majina yake hayapimi kitu kimoja. Bomba la chuma la nusu inchi liliitwa hivyo kwa kukadiria uwazi wa ndani. Bomba la plastiki la milimita 20 linaitwa hivyo kwa kipenyo cha nje. Fundi bomba anayajua haya kwa mazoea na huunganisha bila ya tabu. Karani wa manunuzi anayeandika zabuni ofisini hayajui, naye ndiye anayeagiza mabomba ya mradi mzima wa kijiji.

Asidhani mtu kwamba makosa haya ni ya nchi changa. Tarehe 23 Julai 1983 ndege ya Air Canada aina ya Boeing 767 iliondoka Montreal kuelekea Edmonton ikiwa na watu 69. Nchi hiyo ilikuwa ikihamia katika mita na kilo, na ndege hiyo mpya ilihesabu mafuta kwa kilo. Safari ilihitaji kilo 22,300. Kipimo cha mafuta ndani ya chumba cha marubani kilikuwa kibovu, kwa hiyo mafuta yalipimwa kwa kijiti tangini, yakaonekana kuwa lita 7,682. Kuzigeuza lita kuwa kilo ilipasa wazidishe kwa 0.8 hivi, wao wakazidisha kwa 1.77, namba inayogeuza lita kuwa ratili, kwa kuwa ndiyo waliyoizoea. Hesabu ikatoka nzuri, ikahakikiwa na zaidi ya mtu mmoja, na ndege ikaruka na ratili 22,300, ambazo hazifiki nusu ya kilo zilizotakiwa. Mafuta yaliisha ikiwa juu sana angani. Rubani, aliyekuwa na uzoefu wa ndege zisizo na injini, aliiteremsha katika kiwanja cha zamani cha jeshi huko Gimli, na hakuna aliyekufa. Mwaka 1999 Marekani ilipoteza chombo kilichokuwa kikifika sayari ya Mars kwa sababu ya namna hiyo hiyo: kundi moja la wataalamu lilitoa hesabu za msukumo kwa ratili, jingine likazisoma kama ni za vipimo vya mita.

Angalieni kwamba katika visa vyote viwili kila mmoja alijua kuhesabu. Kilichokosekana ni jina la kipimo kando ya namba.

Wako watakaotuambia kwamba Marekani bado inatumia futi na ratili, na imefika mwezini. Ni kweli, na ni kweli pia kwamba inchi ya leo ni mtoto wa mita. Tangu mwaka 1959 nchi zinazotumia inchi zilikubaliana kwamba inchi ni milimita 25.4 kamili, na ratili ni kilo 0.45359237. Kwa hiyo anayekataa mita na kushikilia inchi, ameikubali mita bila ya kujua. Wengine watasema tunataka kuua lugha ya wazee. Hatutaki. Mvuvi aendelee kuhesabu kamba yake kwa pima. Hakuna anayedhulumiwa na pima ya mvuvi, kwa kuwa kamba ni yake na bahari haimlipi kwa mita. Baharia aendelee na maili ya baharini, ambayo ina mita 1,852 na hutumika duniani kote. Rubani anayetuvusha kutoka Unguja kwenda Pemba ataendelea kupima urefu wa angani kwa futi. Ringi ya gari hutajwa kwa inchi na upana wa tairi lake kwa milimita, katika mstari mmoja, nasi tumezoea. Hata vyumba vya Mji Mkongwe vina kipimo chake ambacho si cha Mfaransa wala cha Mwingereza: upana wake uliamuliwa na urefu wa boriti za mikoko, na mhandisi anayekarabati nyumba hizo lazima aiheshimu boriti kabla ya kufungua futi-kamba yake.

Tunalolitaka ni jembamba kuliko hayo, na linawezekana. Pale pesa, ardhi au uzito wa jengo unapohusika, baina ya watu wawili, namba isiandikwe bila ya kipimo chake, na kipimo hicho kiwe kile ambacho Serikali ina mizani na futi zake za kukihakiki. Wizara zinazotoa zabuni zikatae karatasi yoyote inayosema "nondo ya nusu" au "bomba la robo tatu" bila ya milimita kando yake, zikieleza kama ni za ndani au za nje. Sheha asitie saini mauziano ya kiwanja mpaka aone mita zimepimwa kwa futi-kamba mbele yake na pande zote nne zimeandikwa. Ofisi ya ardhi inapotoa hati kwa aliyekuwa na barua ya eka, iandike zote mbili. Walimu wa skuli zetu, ambao hufundisha ubao mzima wa desimita na hektolita, wawatoe watoto nje wapime uwanja, wapime ndoo, na wajue baba zao wanaposema debe ni lita ngapi. Mtoto anayejua kwamba hatua yake si mita ataweza kumsaidia mzazi wake siku ya kununua kiwanja.

Na juu ya yote, karafuu. Mizani za vituoni hukaguliwa, na tunashukuru. Lakini pishi ya shambani haikaguliwi na mtu, nayo ndiyo inayoamua chakula cha maelfu ya watu wasio na shamba. Wizara inayohusika na biashara inao muda, kabla ya msimu ujao kufunguliwa, wa kuagiza pishi za bati za kipimo kimoja, zikapigwa muhuri na kugaiwa kwa masheha, kila pishi ikiwa na kijiti chake cha kufutia. Au, ikiwa inaonekana ni bora, mchumaji apimiwe mbichi kwa kilo kwa mizani ya kuning'iniza chini ya mti. Kwetu sisi lolote katika hayo mawili linafaa. Tutakwenda kuuliza lililofanyika siku karafuu za kwanza zitakapoanikwa.